Ratili Nane kwa Shingo ya Kabugho

Ijumaa moja ya mwezi wa nne, mwaka 1973, Kabugho alichuchumaa mbele ya nyumba yake huko Karambi, akauweka mkanda wa ngozi juu ya paji la uso, na mumewe Zedekia akamwinulia tenga la kahawa mgongoni. Kabugho alitikisa kichwa mara moja kushoto, mara moja kulia, kama mtu anayejaribu kofia dukani. Akasema, "Sawa." Akainuka.

Wanawake wa milima ile hawaweki mzigo kichwani. Mzigo hukaa mgongoni, mkanda hupita kwenye paji, na kazi yote hufanywa na shingo. Shingo ya Kabugho ilijulikana. Alipoletwa kuolewa kutoka Mahango, shangazi za Zedekia hawakumuuliza kama anajua kupika. Walimbonyeza shingo kwa vidole, wakatazamana, wakasema tumepata mtu.

Kwenda sokoni Bwera unavuka kijito, na juu ya kijito lilikuwepo daraja la mbao. Lilipojengwa lilikuwa na mbao kumi na nne. Mwaka ule zilikuwa zimebaki tisa, na watu walizijua kwa nyayo zao, hakuna aliyehitaji kutazama chini. Kabugho naye alizijua. Ila Ijumaa hiyo zilikuwa nane.

Mguu wa kulia ulipita. Mwili ulisimama, tenga halikusimama. Lilizunguka pembeni na uzito wake wote, na mkanda ukakivuta kichwa nyuma kabla haujamchomoka. Jirani yake Naome, aliyekuwa hatua tatu nyuma, alisema alisikia mlio mdogo, kama wa mtu anayevunja ukuni mkavu ndani ya blanketi.

Kabugho alianguka kijitoni, akatoka majini mwenyewe. Alikaa juu ya jiwe, akasema shingo imechoka.

Naome akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa huko angefanya. Shingo ya mbebaji ikiteguka, humfungia mzigo mdogo wa kuni nyepesi, wakamtembeza nao hatua mia, ili mkanda uivute mifupa ikae mahali pake. Mama zao walifanyiwa hivyo na wakapona, au walisema wamepona. Walipofika nyumbani Naome alimwita Zedekia kwa jina la mtoto wake, "Baba Vasta! Funga kuni kidogo, tumrudishie mama shingo yake."

Zedekia alizifunga. Alichagua zilizokauka vizuri, akazikaza kwa fundo lake la mizunguko miwili, akamvalisha mkewe mkanda kwa mikono yake mwenyewe, na kabla ya hapo akamfuta maji yaliyokuwa yakimchuruzika kutoka nyweleni.

Hatua ya thelathini na moja Kabugho alisema, "Baba Vasta, mikono yangu imelala." Hatua ya thelathini na tano akaanguka.

Walimweka kwenye engozi, kile kitanda cha fito wanachobebea wagonjwa, wanaume wanne wakishika na wanne wakingoja zamu. Kwenye kijito hawakupita juu ya daraja. Waliingia majini hadi kiunoni, engozi juu ya mabega, na yule wa mbele akasema, "Daraja letu ni zuri sana, tunalitazama tu tusilichafue." Hakuna aliyecheka kwa sauti, kwa kuwa nyumba ya Afande Yosamu ilikuwa karibu.

Huyo Afande Yosamu alikuwa sajini jeshini, kisha wakubwa wakampa gombolola, yaani tarafa nzima, aiongoze, kama unavyompa mtu baiskeli kuukuu usiyotaka irudi. Mwaka 1971 lori kutoka Kasese lilileta sementi na mbao za daraja, likazimwaga mwisho wa barabara. Afande aliwatoa wanawake kwa bulungi bwansi, kazi ya umma isiyo na malipo, wakabeba siku kumi na nane hadi stoo ya gombolola, ili vitu vikae salama. Vilikaa salama. Krismasi ya mwaka ule nyumba ya Afande ilikuwa na baraza yenye nguzo nyeupe. Watu waliiona. Kuona kulikuwa bado hakujakatazwa.

Walifika kwenye zahanati ya masista, nje kidogo ya Kisinga, alasiri ya Jumamosi. Aliyewapokea barazani ni Célestin, mtu wa Butembo. Alikimbia vita vya kwao na sanduku moja na cheti cha enfirmie, ndivyo wanavyomwita muuguzi huko. Masista walimpa koti jeupe, watu wakampa udaktari.

"Musimuinue!" alisema kabla engozi haijatua. "Kila mutu abaki pale iko. Wewe wa mbele, shusha pole. Wa nyuma, ngoja. Bon."

Alipiga magoti upande wa kichwa, akakishika kichwa cha Kabugho kwa viganja viwili, na kwa muda wa saa nzima hakukiachia. Nzi alimtua kwenye kope, akamwacha. Mikono ya kugusa ilikuwa ya Sista Marie-Louise.

"Mama, unaitwa nani?"

"Kabugho. Na wewe?"

"Célestin. Unapumua muzuri?"

"Napumua. Kucheka ndiyo inauma."

"Basi usinitazame. Finya vidole vya Sista."

Mkono wa kulia ulifinya kidogo. Wa kushoto ulifikiria, ukaacha. Miguu ilisukuma yote miwili, polepole. Célestin akamwambia afunge macho, na Sista akaanza kumgusa kwa ncha ya sindano kutoka chini kwenda juu. "Kidole kikubwa," Kabugho alisema. "Goti. Tumbo. Hapo nasikia kama kwa juu ya nguo. Hapo sisikii." Mwishowe Sista alishika kichwa, na Célestin akapitisha vidole chini ya shingo bila kuinyanyua, mfupa kwa mfupa, kama mtu anayetafuta punje mbovu kwenye ushanga. Kwenye wa sita alisimama.

"Hapa?"

"Hapo," alisema Kabugho, na machozi yakaenda masikioni.

Célestin alimgeukia Zedekia. "Papa, mufupa moja imehama. Kamba ya ndani haijakatika, imebanwa tu. Ingekatika, hii miguu haingesukuma. Sasa uniambie. Alianguka, halafu alitembea?"

"Kidogo."

"Na kitu mugongoni?"

Zedekia alivitazama viatu vya Célestin. Kimoja kilikuwa na kamba ya katani. "Hapana," alisema.

Mashine ya kupiga picha za mifupa ilikuwa Fort Portal, na Célestin alisema barabara ya kwenda huko ingemaliza kazi iliyoanzwa na daraja. Wakamhamisha kitandani watu wanne, mwili wote pamoja kama gogo, yeye akiwa kichwani akihesabu moja, mbili, tatu. Waliweka mifuko ya mchanga pande mbili za masikio. Kisha Célestin akashona kitambaa cha turubai kikashika kidevu na kisogo, akafunga kamba, akaipitisha juu ya ringi ya baiskeli aliyoipigilia nyuma ya kitanda, na kitanda kikainuliwa matofali mawili upande wa kichwa.

"Ratili nane," alisema. "Siku makumi ine na mbili. Si saba, si tisa. Siku moja ikikosa, mufupa unarudi mahali pabaya, na mikono pengine haitatungoja."

Sista alitoka kwenda kutafuta mawe. Saa kumi na mbili jioni, kabla hajarudi, mzigo wa kuni uliingia wodini.

Ulipita mlangoni kwa ubavu, maana mlango ulikuwa mwembamba, ukaja hadi chini ya ringi ya baiskeli, ukangoja. Célestin aliutundika kwenye ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia watoto wachanga. Ulikuwa na ratili tisa. Alichomoa vijiti vitatu, akaufunga kwenye kamba, na Kabugho akashusha pumzi ndefu.

"Fundo hili nani amefunga?" aliuliza Célestin. "Iko nguvu."

Zedekia alisema hajui.

Kesho yake saa ileile kuni ziliondoka na tenga la kahawa likaja, likidondosha maji ya kijito sakafuni. Sista Marie-Louise aliliambia lijipanguse miguu. Lilizidi sana, kwa hiyo kahawa ikamwagwa hadi zikabaki ratili nane, na iliyomwagwa Sista akaianika, akaikaanga, wodi nzima ikanywa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila jioni mzigo mmoja, ukianzia wa mwisho kurudi nyuma. Haikuja mizigo yote aliyobeba Kabugho maishani, barabara isingetosha. Ilikuja ile tu ambayo shingo iliikumbuka. Na kila mmoja ulikuja katika hali uliyokuwa nayo siku hiyo. Mihogo iliyokwisha kuliwa ilikuja maganda. Kuni za msiba wa mama mkwe zilikuja jivu ndani ya gunia, na Célestin alizikubali, akisema jivu nalo linavuta. Asubuhi na jioni alimpima mgonjwa kwa sindano, na kila baada ya saa mbili walimgeuza watu wanne, ili mgongo usioze. Siku ya saba mkono wa kushoto ulifinya.

"Nimekuumiza?" aliuliza Kabugho.

"Sana," alisema Sista, ambaye hakuwa ameumia hata kidogo.

Siku ya kumi, saa kumi na mbili, iliingia nguzo.

Ilikuwa kipande cha nguzo, kirefu kama mkono, cheupe, kimepakwa chokaa juu ya sementi nzuri ya kiwandani. Kilikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia kofia ya kijeshi. Célestin aliitoa kofia. "Hii si muzigo ya mama," alisema, akaiweka dirishani. Nguzo peke yake ilikuwa na ratili nane kamili. Ilikuwa ya kwanza ambayo hakulazimika kuipunguza.

Asubuhi Afande Yosamu alifika na askari wawili. Baraza yake ilikuwa imelala upande mmoja tangu jana jioni, na alikuwa amepigwa na jua njia nzima.

"Kofia yangu iko wapi?"

"Dirishani, afande," alisema Sista.

Aliivaa. Aliitazama nguzo, akaifuata kamba kwa macho, juu ya ringi, hadi kwenye kidevu cha Kabugho.

"Na hii?"

"Hiyo ni sementi ya daraja," alisema Kabugho. Alikuwa anatazama dari, kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kutazama kwingine. "Niliibeba mimi. Siku kumi na nane. Naijua uzito wake, hata ukiipaka rangi."

Ndani ya wodi mtu alikohoa, akajuta. Afande hakukasirika. Alitoa daftari mfukoni, akalowesha penseli ulimini, akaandika, huku akijisomea, kwamba nguzo moja, mali ya serikali, imekutwa ikizurura mbali na kituo chake cha kazi bila kibali.

"Askari! Fungua hiyo kitu."

"Afande," alisema Célestin, "uzito ikitoka gafula, mufupa inarudi. Mama atapoteza mikono. Ungoje tu mpaka jioni. Jioni itakuja ingine."

"Ingine ya nani?"

Wote wawili walijua. Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba za sementi.

"Fungua!"

Zedekia alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni tangu siku ya kwanza. Hakuwa mtu wa maneno mbele ya wakubwa. Maneno yake aliyasemea nyumbani, kwa mbuzi. Aliinuka, akapita kati ya askari wawili, akaishika kamba juu ya fundo. Askari, kijana wa watu, alilifungua fundo taratibu kuliko alivyoamriwa. Uzito ukahama kutoka kwenye nguzo ukaingia viganjani mwa Zedekia, na kichwa cha Kabugho hakikusogea.

"Ratili ngapi?" aliuliza Zedekia.

Célestin aliifunga mizani kati ya kamba na mikono ya Zedekia. "Kumi. Punguza. Tisa. Nane. Hapo, papa. Kaa hapo."

Akakaa hapo. Afande aliondoka na nguzo begani kwa askari, na siku hiyohiyo akaifunga kwa mnyororo pamoja na wenzake wote, akaweka mlinzi wa kuiegemea kila ifikapo saa kumi na mbili. Ikifika saa hiyo nyumba nzima ilikuwa inalia mbao na kuinama kidogo upande wa Kisinga, kisha inarudi. Mwezi ule bwana mmoja wa ofisi alikuja kutoka Kasese na gari la Landrova kuhusu malalamiko ya daraja. Alilipima pengo kwa futi kamba, akaliandika urefu na upana, akanywa chai barazani kwa Afande, akarudi. Pengo likabaki na ukubwa uleule ulioandikwa.

Kwa hiyo hakukuja mzigo jioni ile, wala jioni kumi na sita zilizofuata. Zedekia alishika siku ya kwanza hadi vidole vikawa vyeupe. Siku ya pili alikuja Naome. Alikuwa ametembea kutoka Karambi na wanawake wengine sita, mikanda yao mabegani, na hakuna aliyewaita.

"Toka hapo, Baba Vasta," alisema Naome. "Unamvuta mwenzio kama mbuzi wa mnada."

"Nashika ratili nane."

"Na sura kama umeshika mia nane. Toka. Mimi nilibeba sementi hiyohiyo. Siku yangu ni leo."

Wakashika kwa zamu, saa moja moja, mchana na usiku, macho kwenye mshale wa mizani. Kila mmoja alikuwa na siku zake za sementi za kutoa. Walisimulia mambo ya watu, wakamkataza Kabugho kucheka. Naome, siku aliyobaki peke yake na kamba, alisema kwa sauti ya chini kwamba zile kuni ilikuwa shauri lake. Célestin, aliyekuwa akikunja bandeji, alisikia. Hakugeuka. Aliikunja ile bandeji hadi mwisho, akaifungua, akaikunja tena.

"Kuni gani?" alisema Kabugho. "Shika kamba vizuri. Mshale umeingia saba."

Siku ya ishirini na nane sementi ikawa imekwisha, na mizigo ikaanza kuja tena, ya zamani zaidi. Zilikuja nyasi za kuezekea, zimeoza. Lilikuja jiwe la kusagia alilokwenda kulichukua kwao Mahango, ambalo Zedekia alikuwa ameliacha uani asubuhi ya Ijumaa ile na sasa lilikuwa limetembea maili zote hizo na kuku mmoja juu yake. Mfupa ulikuwa umeanza kushika, na Célestin akaanza kupunguza: ratili saba, kisha sita.

Siku ya thelathini na nne, ilipofika saa kumi na mbili, hakikuingia kitu. Zedekia alisikia miguu yake inamwinua kutoka kwenye benchi.

Mwaka 1959 alikuwa ameugua homa ya kupoteza fahamu, na engozi pekee ya kijiji ilikuwa imekwenda na mgonjwa mwingine. Kabugho alimkunja ndani ya tenga, akamfunga, akaweka mkanda kwenye paji, akambeba kutoka Karambi hadi kwa daktari, mtu mzima na miguu inaning'inia. Safari hiyo shingo haikuwa imeisahau. Zedekia alikwenda hadi chini ya ringi ya baiskeli, akangoja kama walivyongoja wengine.

Célestin alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Ratili mia na makumi ine," alisema. "Mama anataka tano tu. Hizi zingine uache kwenye kiti."

Akakaa kwenye kiti, kamba mkononi. Sasa alikuwa mzigo kwa haki, na mzigo haujifichi.

"Mama Vasta."

"Nakusikia."

"Kuni zile nilifunga mimi. Dokta aliniuliza, nikasema hapana. Nasema daraja, nasema Afande, nasema serikali. Ni kweli. Lakini kuni nilizifunga mimi."

Kabugho alitazama dari. Alikuwa ameijua dari ile kuliko nyumba yake. Palikuwa na doa la mvua lenye umbo la ndama.

"Nililijua fundo," alisema. "Jioni ya kwanza tu, lilipovuta. Nani mwingine anafunga mara mbili kama anafunga ng'ombe wa wizi?"

"Mbona hukusema?"

"Ungetoka nje kwenda kulia, na benchi lingebaki tupu. Nilikuwa siwezi kugeuza kichwa nione kama umerudi." Macho yake yalilirudia doa la ndama. "Ulinifuta maji kwanza. Shingo inakumbuka na hilo. Shika, umepungua."

Zedekia aliangalia mshale. Ulikuwa nne na nusu. Akaurudisha.

Célestin alikuwa kwenye kona akichemsha sindano. "Niliona siku ya kwanza, papa," alisema bila kugeuka. "Paji lake lilikuwa na alama mbili ya mukanda, moja yenye matope, moja safi. Kitabuni niliandika tu: alitembezwa."

Siku ya thelathini na nane kilikuja kitambaa cheupe kimefungwa, na ndani yake udongo wa Karambi. Ni mtoto wao wa kiume, aliyezaliwa 1956 akaishi majuma matatu, ambaye Kabugho alimrudisha kutoka hospitali mgongoni akiwa ameshafariki, kilima chote, bila kuruhusu mtu ampokee. Alikuwa na ratili mbili na nusu. Célestin aliuliza kwa upole huyu ni nani, akaambiwa. Kabugho aliomba kabla ya kamba awekwe kifuani pake. Wakamweka. Alikuwa na mikono yote miwili sasa, akamkumbatia kwa yote miwili, hadi Sista akamaliza kuwasha taa. Ndipo wakamfunga, na usiku ule Kabugho alilala bila kuamka hata mara moja.

Na siku ya arobaini na mbili kiliingia kibuyu. Kilikuwa kidogo, kimepasuka mdomo, na kamkanda kake kamefumwa kwa magome. Mama yake alimfumia alipokuwa na miaka saba, ajifunze kuchota maji. Célestin alikitundika na mshale haukusogea. Alikiacha kwenye kamba vilevile, kwa heshima, hadi asubuhi. Asubuhi akafungua turubai, akamwambia Kabugho ageuze kichwa.

Alikigeuza polepole upande wa mlango. Pale benchini alikaa Zedekia. Walitazamana muda.

"Umekonda," alisema Kabugho.

Célestin alimtengenezea kola ya katoni ya sabuni, ikazungushiwa pamba, na kumkataza mzigo maisha yake yote. Wakamrudisha. Kwenye kijito wanaume waliingia tena majini hadi kiunoni. Mbao zilikuwa nane bado. Walipita mbele ya nyumba ya Afande, na Kabugho, mwenye kola yake, akaziamkia nguzo moja moja, kama unavyoamkia watu mliofanya nao kazi. Mlinzi aliyeziegemea alimwitikia.

Kabugho aliishi miaka mitano. Hakubeba tena; alitembea mikono mitupu, shingo imenyooka, na wageni walidhani anaringa. Mwezi wa kumi na moja 1978 homa ilimshika siku tatu. Kidonge hakikuwepo gombolola nzima, na waliotakiwa kueleza kwa nini hakipo walikuwa mkutanoni. Alikufa Jumapili. Walipomwosha, Naome alipitisha vidole shingoni, mfupa kwa mfupa, na kusema yote iko mahali pake.

Siku za soko Zedekia huchukua mzigo wake mwenyewe, mgongoni, mkanda wa marehemu kwenye paji lake. Wanaume hawabebi hivyo, na juma la kwanza walimcheka. Kila ifikapo saa kumi na mbili jioni, popote alipo, kamba humvuta mkononi kutoka upande wa pili. Ni ratili nane, si saba, si tisa. Husimama akashika hadi ziishe.

Mara nyingine saa hiyo humkuta darajani. Hapo anasimama kwenye ubao wa mwisho kabla ya pengo, mkono mmoja ameunyoosha mbele, na walio nyuma yake na matenga yao wanangoja, maana wanajua ni nani yuko upande ule. Kisha mkono unashuka, naye anaruka, na wao wanaruka mmoja mmoja. Mbao zimebaki saba.